Boti Iliyopanda Kiptere Ikiwa na Maji Ndani

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Blanketi ni zuri. Saa ilisimama wiki hiyo hiyo. Zile dakika tano alizitumia meneja msaidizi kuwaeleza kwamba mimi nina mengi ya kusema, na alipomaliza kueleza, chai ilikuwa imepoa na watu wakaenda zamu. Basi nayaandika hapa, kwa ajili yenu vijana wa kunyausha na wa draya. Msome mnapongoja moto ushike.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hiyo ni habari fupi. Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu kwa kuwa kampuni imenunua mashine isiyohitaji mtu wa kunusa chai. Naitakia mashine hiyo mafua mema.

Nilifika Kericho kutoka Maragoli, cheti cha kidato cha pili kikiwa ndani ya shati ili kisilowe. Karani alikisoma kwa heshima, akakikunja vizuri, akanirudishia pamoja na ufagio. Nikapelekwa kwa Mzee Zablon, msimamizi wa draya, ile mashine inayopuliza hewa ya moto kwenye majani mpaka yawe chai ya kutia kwenye kikombe. Alikuwa mtu mfupi, nyusi zimeungua kwa joto, na alitoka Bunyore, kwa hiyo tulikuwa karibu ndugu, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Form Tu, mzee."

"Basi unaweza kusoma hiyo thamomita. Mimi nitakufundisha kutoiamini."

Na alinifundisha. Mnafumba ngumi juu ya majani yaliyonyaushwa, mnakamua, mnafungua. Yakifumuka kama vidole vya kuku, bado ni mabichi. Yakibaki donge, peleka. Kwenye draya mnanusa: harufu ikiwa kama ya mkate, mko salama; ikiwa kama ya shati lililopigwa pasi na mtu mwenye hasira, mmechelewa. Haya bado ni kweli, hata kama mashine yenu inasema vingine.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia kila asubuhi kama sala: "Maji ni adui." Mzee Zablon alikausha kila kitu. Alikausha viatu vyetu juu ya bomba la moto. Alikausha Biblia ya katekista iliyoangukia mtoni, ikanenepa mara mbili lakini ikasomeka. Usiku mmoja wa mvua ng'ombe wa Arap Soi, dereva wetu wa trekta, alizaa nje, na ndama akaletwa kiwandani amekakamaa kwa baridi. Zablon akamlaza kando ya draya, akamgeuza upande huu na upande ule kama ugali unaotafuta sahani, na asubuhi ndama akasimama. Kutoka siku hiyo hakuna mtu laini nzima, zile nyumba za wafanyakazi, aliyebishana naye juu ya ukavu. Kwa bahati mbaya, hata yeye mwenyewe aliacha kubishana.

Meneja wetu miaka ile, muda mfupi baada ya Uhuru, alikuwa Mzungu mrefu wa miguu myembamba. Tulimwita Korongo. Alikuwa amezungukwa na chai pande zote mpaka macho yanapochoka, na ghafla akakumbuka kwamba kwao kuna bahari. Tulikuwa na bwawa la maji ya kiwanda. Akaamua bwawa hilo lina upungufu wa boti ya tanga. Alikuwa ameona moja alipokwenda kuvua samaki ziwani, kuukuu, ya mbao, ufuoni mbele ya Homa Bay, na mwenyewe alikuwa tayari kuuza. Kilichohitajika ni watu wa kuikagua, kuinunua na kuileta kwa maji mpaka Kendu Bay, kwa kuwa kutoka ufuo ule hapakuwa na barabara ya trela. Kendu Bay trekta ingeipokea.

Akamchagua Zablon kwa sababu anajua mbao. Alikuwa ametengeneza trei za chai. Akanichagua mimi kwa sababu niliwahi kuchora ramani ya Ziwa Victoria katika mtihani wa jiografia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Hilo halikuulizwa.

Msifikiri Zablon alikwenda kwa kupenda matembezi. Mwaka ule ndio alikuwa astaafu, na mnajua sheria ya laini: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Kwao Bunyore shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kati ya ndugu mpaka ng'ombe akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. Mama Rebeka, mke wake, alikuwa na maumivu ya miguu na alitibiwa zahanati ya kampuni. Kando ya bwawa palikuwa na nyumba ya mawe, tupu, ya mlinzi wa bwawa ambaye hakuwahi kuajiriwa. Zablon akaiomba. Korongo akajibu kwa namna ya watu wenye nyumba nyingi:

"Boti ikielea bwawani siku ya wageni wangu, utakuwa mlinzi wa bwawa, na nyumba ni yako mpaka ufe. Isipoelea, sitakuwa na kitu cha kulinda."

Siku ya wageni ilikuwa wiki mbili mbele.

Basi likatutupa Homa Bay, tukatembea. Mwenye boti aliitwa Owuor, mvuvi mzee mwenye kiko ambacho sikukiona kikitoka mdomoni hata alipokuwa akila. Boti ilikuwa imelala kwenye maji mafupi karibu na matete, na ndani yake mlikuwa na maji mengine, ya kutosha kuogesha mtoto.

Zablon akaikagua kama anavyokagua chai. Akanusa mbao. Akaigonga. Akaweka ulimi kwenye ubavu wake. Owuor akatoa moshi.

"Hii mzee yako," akaniuliza, "ananunua ama anakula?"

"Imelowa," Zablon akasema.

"Omera, ndugu, ni boti."

"Mtu anayeuza kitu hukiuza kikavu."

Tukanunua hata hivyo. Aliyelipa alikuwa Korongo, na mkono hauumi ukifungua bahasha ya mwingine. Owuor akakubali kutusindikiza mpaka Kendu Bay kama nahodha, kwa kuwa alipotuangalia tukiingia kwenye boti mara ya kwanza aliona huruma, au aliona mchezo ambao hangetaka umpite. Akasema tuondoke kesho mchana, upepo ukianza kutoka ziwani. Tuyaache maji ndani mpaka wakati wa kupanda, ndipo tuyachote.

Zablon akakataa. Hawezi, akasema, kumpelekea meneja boti iliyovimba kwa maji kama maiti. Kwanza ikauke.

Tukawapa vijana wa pwani chai, wakatusaidia kuivuta mpaka juu kwenye mchanga. Tukaipindua juu ya magogo, tumbo juani. Jua la pale halina mzaha kama la kwetu. Zablon akaona halitoshi. Akawasha vijimoto vidogo chini yake, akakaa akivilinda, akigusa mbao kila baada ya muda na kunusa vidole. Siku zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga jirani yetu, na akawaeleza kwamba wanachelewa kuzigeuza. Mmoja akamwambia akageuze za mke wake. Hakujali. Mbao zilibadilika kutoka nyeusi zikawa kijivu, zikaanza kulia tik, tik, jua lilipopanda.

"Sikia," akaniambia. "Sasa imeiva."

Owuor alikuwa akipita kila jioni na samaki wake. Siku ya mwisho alisimama, akainama, akachungulia. Mwanga wa jua ulikuwa ukipita kati ya ubao na ubao. Kwa mara ya kwanza alikitoa kiko mdomoni.

"Mtu wa chai. Umeikausha vizuri kabisa. Sasa irudishe majini, uiweke mawe, izame. Ilale hapo siku mbili, tatu."

"Nizamishe boti niliyonunua?"

"Eeh."

"Halafu sisi twende zetu Kericho na wewe uitoe usiku?"

Owuor akakirudisha kiko mahali pake. "Sawa," akasema. "Kesho mchana. Mkuje na sufuria. Kubwa."

Zablon aliziba zile nafasi kwa matambara na sabuni ya kipande, kazi safi, kama ya fundi aliyesomea. Mchana uliofuata tukasukuma. Owuor akakaa nyuma na usukani, tanga la vipande vya magunia likajaa upepo, na kwa muda ambao mtu anaweza kuimba wimbo mmoja wa kanisani, sisi watu wa milimani tukawa mabaharia. Nilikuwa natafuta Homa Bay mahali nilipoichora kwenye mtihani. Haikuwa hapo.

Kisha soksi zangu zikalowa.

Maji hayakuingia kwa shimo moja, ambalo mtu angeliweka kidole. Yaliingia kila mahali, kwa adabu, kama wageni wa matanga. Sabuni ikageuka povu. Tukachota, mimi na sufuria, Zablon na kofia yake. Owuor hakuchota, alisema yeye ni nahodha. Alikuwa ameshaelekeza boti pwani kabla hatujamwomba, nadhani kabla hata hatujaondoka. Karibu na matete, maji yakiwa ya kifuani, boti ikachoka. Haikuenda chini kama jiwe. Ilikaa tu, kingo zake sawa na uso wa ziwa, nasi tumeketi ndani yake tumelowa mpaka mbavuni, wanyoofu kama wazee wa kanisa wanaongoja kupigwa picha.

Tukatembea mpaka nchi kavu. Zablon alikuwa ameshika viatu vyake juu ya kichwa. Akakaa mchangani, akavitazama, havikuwa na hata tone. Nikangoja atukane. Hakutukana.

"Nimeenda nyumbani, Eliakimu," akasema. "Hii ndiyo safari yenyewe. Rebeka atalala wapi? Jikoni kwa shemeji yake."

Form Tu haifiki huko.

Owuor alikuwa bado majini, akipanga mawe ndani ya boti ili izame sawasawa.

"Jaduong', unafanya nini?" nikamwita kwa heshima wanayopewa wazee wa kwao.

"Nafanya ile kitu nilisema." Hakugeuka. "Hii boti haijakufa. Iko na kiu. Mmeinyima maji wiki nzima. Iache ikunywe."

Zablon aliinua kichwa. Mnajua uso wa mtu wa draya anapogundua kwamba moto anaoulaumu yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Asubuhi iliyofuata nilipoamka sikumwona, na nilipotazama ziwani alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, mtu aliyesema maji ni adui, akipitisha ncha ya kidole kati ya ubao na ubao, polepole, kama anavyopima majani. Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Alikuwa akirudi anatetemeka, anaripoti kana kwamba ni zamu: upande wa kulia bado, upande wa kushoto unaanza. Wale wanawake wa omena walimwuliza kama sasa anakausha ziwa.

Siku ya tatu alirudi akiwa amekunja ngumi.

"Imefunga," akasema. "Kidole hakiingii. Hata ukucha."

Hakumwomba Owuor msamaha. Alimwomba tumbaku, na Owuor akampa, nadhani walielewana.

Tukatoa mawe, tukachota maji, boti ikainuka. Upepo wa mchana ukatuchukua, na safari hii soksi zilikaa kavu. Owuor aliniachia kamba ya tanga nishike. Ilikuwa ikivuta kama ndama mwenye nguvu. Nimefanya kazi Sotik tangu wakati huo, nimefanya Chepseon, nimehama mara nyingi kuliko mke wangu anavyopenda kusikia, na kila mara niliwaambia watu ni kwa sababu ya mazingira ya kazi. Ukweli ni ile kamba. Kendu Bay ilipotokea niliiona karibu mno.

Arap Soi alikuwa ametungoja pale na trekta na trela ya chai muda mrefu hata watoto wa pale walijua nyimbo za Kipsigis. Alitaka kupakia na kuondoka. Zablon akamwambia kwanza ajaze boti maji.

"Ndani?"

"Ndani. Na magunia yaliyolowa juu. Jua la njiani litaifungua tena."

Arap Soi akamtazama Owuor, Owuor akatazama ziwa.

"Mzee," Arap Soi akasema, "mimi nilitumwa kubeba boti ama nilitumwa kubeba ziwa?"

"Nilikukaushia ndama."

Hapo Arap Soi akachukua ndoo. Owuor alituaga kwa kutikisa kiko. Hakualikwa bwawani, hakuna aliyefikiri kumwalika, na sikuwahi kumwona tena.

Basi tukapanda kupitia Sondu na boti yenye maji ya kufika magotini. Kwenye mteremko maji yote yalikimbilia mbele, kwenye mlima yakakimbilia nyuma yakammwagikia Zablon, aliyekaa na ndoo akirudisha maji pale mbao zilipobaki tupu. Kila kijito tulisimama kuongeza. Trekta ilikuwa ikinguruma kama inayosingiziwa. Kiptere tulifika siku ya soko. Watu waliacha viazi vyao.

"Mnauza samaki?" mama mmoja akauliza.

"Bado wadogo," Arap Soi akajibu bila kugeuza shingo.

"Wako wapi?"

"Yule mkubwa ndiye ameshika ndoo."

Mwingine akatuonea huruma. Akatuambia kwa upole kwamba hata huku juu kuna maji, hatukuwa na haja ya kwenda kuyatoa kwa Wajaluo. Zablon alikuwa akimwagia mbao maji, midomo ikicheza. Nilifikiri anasali. Niliposogea nikasikia anahesabu ni nani kati ya ndugu zake angekubali kumpa chumba.

Tulifika bwawani wageni wakiwa wameshakaa kwenye viti vya turubai, kofia za majani vichwani, vikombe mikononi. Trela ikaingia ikichuruzika. Wakaona boti, kisha wakaona maji ndani yake, kisha wakacheka, wa kwanza kwa aibu, wengine kwa afya. Mmoja akauliza kama maji kwa kawaida hayawekwi nje. Zablon alishuka, nguo zimemganda mwilini, akasimama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Korongo hakucheka. Akaja, akapitisha kidole kati ya ubao na ubao. Kidole hakikuingia.

"Nani aliwafundisha kuiweka maji?" akauliza. "Nilisahau kabisa kuwaambia. Mbao ikikauka inafunguka, hata mtoto wa kwetu anajua. Nilikumbuka mkiwa mmeshaondoka."

Nilimwangalia Zablon. Nilikumbuka vile vijimoto, na sabuni, na jikoni kwa shemeji. Zablon alijivuta akawa mrefu kadiri alivyoweza.

"Ni ujuzi wa kawaida, bwana," akasema.

Tukaishusha, tukachota maji, ikaelea. Korongo akapanda, akatweka tanga mbele ya wageni wake wote, akasukuma mpaka katikati. Bwawa lile liko kwenye bonde, na mikaratusi imelizunguka pande zote, iliyopandwa kwa amri yake mwenyewe ili kuzuia upepo. Aliketi pale katikati mpaka chai ya wageni ikaisha. Ilibidi tumvute kwa kamba. Baada ya hapo hakuipanda mara nyingi, na haukupita mwaka akarudi kwao, ambako nadhani upepo upo. Lakini alikuwa mtu wa neno lake: jioni ile ile Zablon alipewa ufunguo.

Wiki iliyopita, kabla ya kufunga mizigo, nilikwenda kumuaga Zablon. Mama Rebeka alinipa maziwa, miguu yake imevimba lakini ulimi mzima. Niwaambie jinsi nyumba ile ilivyo, maana ninyi huiona kwa mbali mkaitamani. Ukungu wa bwawa huingia asubuhi na hauna mpango wa kutoka. Kuta zina uyoga. Chumvi hainyunyiziki, hupakwa. Katika Kericho yote hakuna nyumba iliyolowa kama ile, na ndani yake anaishi mkaushaji mkubwa kuliko wote waliowahi kushika draya, na kwa miaka yote hiyo hajaomba kuhamishwa.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilianza tukiwa tumeketi. Kupitia mlangoni niliona boti chini ya maji, mawe yake ndani, mahali ambapo Zablon huizamisha kila Januari, kabla jua la kiangazi halijaifungua. Yule meneja msaidizi, yule yule wa dakika zangu tano, alikuwa amepita kuuliza ni uzembe wa nani, na kwa nini chombo cha kampuni kisitolewe kikakaushwe kiwandani.

"Ulimwambia nini, mzee?"

"Nilimwambia iko na kiu." Tone likaanguka kutoka darini, karibu na kiatu chake. Akakiinua kiatu haraka, akakifuta kwa mkono, akakitundika juu ya jiko pamoja na kile kingine, kisha akasukuma sufuria kwa mguu mpaka chini ya tone. Ilikuwa ile ile ya ziwani, kubwa.

"Maji ni adui, Eliakimu," akasema. "Kesho uje asubuhi unisaidie kutoa mawe."